Siku Baba na Mama Walipofunga Ndoa

Nilikuwa mwanamke mzima, fundi wa cherehani mwenye kibanda changu sokoni Kosele, wazazi wangu walipofunga ndoa. Watu wa mjini nikiwasimulia hivi hudhani nimepanga maneno vibaya. Baba, Mjaluo wa pale pale Kosele, alimtoa mama kwao Kegonga, Ukuria, kabla sijazaliwa. Ng'ombe walikwenda, wazee wakakubaliana, mama akaja kuanza maisha. Kwa kuwa yeye hakujua Kijaluo wala baba hakujua Kikuria, walipendana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, na kutulea kwa Kiswahili ambacho walimu wetu walikisahihisha bila kuchoka. Kitu kimoja tu hawakuwa wamefanya, nacho ni kusimama mbele ya mchungaji.

Kanisani kwetu jambo hilo halikufichika. Jumapili ya meza ya Bwana, waliofunga ndoa walitoka kwenda mbele kupokea mkate na kikombe, na ambao hawajafunga walibaki kwenye viti wakitazama viatu vyao. Mama alibaki. Aliimba kwaya, alifagia kanisa, aliwapikia wageni chai, na bado alibaki. Alitamani sana kwenda mbele, lakini ndoa haifungwi na mtu mmoja.

Aliyechelewesha ni baba. Si kwamba hakumwamini Mungu; alimwogopa kupita kiasi. "Kile si chakula cha mchezo," alisema. "Nitakwenda nikistahili." Masharti ya kustahili alijiwekea mwenyewe: aache tumbaku, aache hasira, aache kuwatukana ng'ombe. Kila mwaka mpya aliacha tumbaku. Kabla mahindi hayajafika magotini alikuwa ameirudia, na sisi tulijua kwa sababu ghafla alianza kwenda kukagua ua wa nyuma mara kwa mara, ua ambao haukuwa na shida yoyote.

Katikati ya miaka ya tisini tuliletewa mchungaji mpya, kijana mwembamba aliyezunguka kwa baiskeli na kunywa chai popote alipokaribishwa. Alipofika kwetu mara ya kwanza hakuzunguka mbuyu.

"Mzee, mama anasema hamjafunga ndoa. Unangoja nini?"

"Nangoja kwanza niwe mtu mzuri, Pasta."

Mchungaji alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. Baba akakunja uso, maana alikuwa amesema jambo zito.

"Nisamehe, mzee. Hebu niambie, mvua ya juzi ilifika shambani kwako?"

"Ilifika sana."

"Ulikuwa umefanya nini mpaka ikaja?"

Baba alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Nilikuwa nimelala."

"Basi neema iko hivyo. Haikungoja uamke."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika. Hapo hapo akasema, "Pasta, tupe tarehe." Akapewa.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu iliingiwa na wazimu wa furaha. Gauni nililishona mimi. Mama alikuja kibandani kupimwa, akajificha nyuma ya pazia, na kila nilipomgusa kiunoni kwa futi ya kupimia alicheka kama msichana, mpaka wateja wakaanza kuinama kuchungulia.

"Nyeupe si watu watanicheka, na watoto wakubwa hivi?"

"Unataka rangi gani?"

Akachungulia nje ya pazia. "Nyeupe," alisema. "Na nyuma iburute."

"Iburute kiasi gani?"

"Kiasi cha kuonekana na majirani."

Mwenye duka la vitambaa jirani yangu, mzee Mwislamu aliyehamia Kosele kutoka Pwani, alisikia yote kupitia ukuta wa mabati. Alasiri alikuja na lesi iliyokunjwa vizuri, akaiweka juu ya cherehani. Nilipotaka kumlipa alinitazama kana kwamba nimemkosea adabu. "Bibi harusi ni mama yako," alisema. "Shona tu, mwanangu." Nilishona huku nikiimba, na sindano ilinichoma kwa sababu macho yangu hayakuwa kwenye kazi.

Siku yenyewe, asubuhi na mapema, wajomba zangu kutoka Kegonga walikuwa wamejaa uani wakiimba. Binamu yake baba, anayeuza samaki Sori, alileta pikapu yake ya kumbeba bibi harusi. Alikuwa ameiosha kwa sabuni ya unga mpaka ikang'aa, na bado ilinuka omena. Tuliitandikia shuka, tukaifunga maua, tukakubaliana kwamba hakuna atakayevuta pumzi ndefu.

Kisha fahali wa karamu akakata kamba.

Baba alikuwa ameshavaa suti yake, ya kijivu, tuliyoichagua pamoja kwenye mitumba ya Migori. Mtu mwingine angewaachia vijana. Yeye aliidaka kamba, na fahali akamkokota kwa tumbo kwenye tope la zizini, mbele ya wajomba, mbele ya akina mama wa kanisa waliokuja kumsindikiza mke wake. Hapo baba alimtukana yule fahali. Alimtukana kwa Kijaluo, akamtukania mama yake na ukoo wake wote, kwa maneno ambayo sikuwahi kujua kwamba anayajua. Wajomba hawakuelewa neno hata moja, wakapiga makofi. Akina mama walielewa yote, wakatazama mbinguni. Fahali akaruka ua na kuteremkia mtoni.

Baba aliinuka, akajitazama, akaenda kuketi nyuma ya ghala. Nilimfuata na kitambaa chenye maji.

"Acha, nyara," aliniambia, yaani binti yangu. "Waambie watu waende nyumbani. Nimejizuia tangu ile tarehe itajwe, na leo yenyewe nimeharibu. Siwezi kupokea mkate kwa mdomo huu."

Nikaenda kumwita mama.

Alikuja akiwa amevaa gauni, amelikusanya mkononi lisiguse samadi. Alisimama mbele yake.

"Baba watoto, unadhani mimi nilikuja hapa kwa sababu hutukani ng'ombe?"

Baba alianza kukwangua tope kwenye suruali.

"Siku ya kwanza kabisa unanileta hapa, ulimtukana ndama. Nilikusikia. Sikujua Kijaluo lakini nilijua si maombi. Nikabaki. Sasa kama mimi, mtoto wa watu, nilikuchukua hivyo, unafikiri Mungu atashindwa na mimi?"

Mama alitaka kubaki mkali, lakini midomo ilianza kumcheza, akaangua kicheko, na baba naye akashindwa kujizuia. Walicheka pale nyuma ya ghala mpaka mama akalishika paa kwa mkono asianguke. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, nikimfuta baba koti, nikizidi kulisambaza tope.

Aliingia kanisani hivyo hivyo, kifua chote cha kahawia. Nilikuwa msimamizi wa mama yangu mwenyewe, nimeshika mkia wa gauni lake usikanyagwe, na kila jicho lililokutana na langu lilinifanya niume mdomo nisicheke. Mchungaji alilitazama koti, akamtazama baba, akafungua kitabu chake. Viapo vilikwisha. Wakapiga magoti. Baba alinyoosha viganja vyake viwili, vile vilivyoshika kamba, akapokea mkate. Alitafuna polepole. Akanywa. Akasubiri, kana kwamba kuna kitu kingine kinachokuja. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo yeye aliiona ndogo lakini ilifika mpaka viti vya nyuma:

"Ni hivi tu, Pasta?"

"Ni hivi tu, mzee."

Baba akageuka kutuangalia sote. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesukuma mlango kwa bega miaka mingi kisha akagundua haukuwa umefungwa. Kanisa lote likacheka, mama akapiga kigelegele chake mwenyewe, jambo ambalo bibi harusi hafanyi, na kwaya ikaanza wimbo bila kungoja kuambiwa.

Fahali hakupatikana siku hiyo. Majirani waliposikia, kila mmoja alikuja na chake: kuku, sufuria ya wali, samaki wa kukaanga. Chakula kikawa kingi kuliko tulichokuwa tumepanga. Niliwahi kusoma maelezo marefu kuhusu neema, mengine mazuri, lakini nikisikia neno hilo ninamwona baba akitafuna mkate huku amevaa koti la tope. Tumbaku aliiacha miaka kadhaa baadaye, bila kumtangazia mtu. Ng'ombe aliendelea kuwatukana, kisha kuwaomba msamaha.

Alasiri ile wajomba walipiga ngoma mpaka vumbi likapanda. Kisigino cha kiatu changu kilivunjika, nikavitupa vyote viwili kando, na mama akanishika mkono, gauni likiburuta nyuma yake mbele ya majirani wote, akanivuta katikati ya wachezaji.