Kulwa wa Swali la Mtihani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya msingi pale Nsemulwa, Mwalimu Mkuu alinitazama kuanzia viatu hadi shingoni, akasema, "Wewe unavaa tai. Utafundisha Kiingereza." Usaili ukaishia hapo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mpanda bado ikiwa wilaya ya mkoa wa Rukwa, na chuoni nilisomea hisabati.

Nyie mnaosoma leo hamjui shida ya kufundisha upatanisho wa maneno ya Kiingereza kwa watoto ambao Kiswahili chenyewe ni lugha yao ya pili. Nyumbani wanasema Kibende, Kikonongo, Kisukuma. Katika lugha hizo, kama ilivyo katika Kiswahili, yeye ni yeye na kalamu yake ni yake, mwenye kalamu awe mama au baba. Mwingereza hakubali. Lazima kwanza umwambie kama mtu ni wa kike au wa kiume, ndipo akuruhusu kutaja kalamu. Tendo nalo linabandikwa herufi s mtendaji akiwa mmoja, wakiwa wengi s inaondoka. Watoto waliniuliza kwa nini mmoja apewe nyongeza na wengi wanyimwe. Swali hilo niliulizwa kila mwaka mpaka likanichosha.

Baadaye niliingizwa kwenye jopo la kutunga mtihani wa majaribio wa wilaya, ule wa darasa la saba kabla ya mtihani wa taifa. Tulitunga maswali ya kuchagua. Sentensi yenye pengo tuliiita shina, na majibu ya uongo yanayowekwa kumzuga mtoto tuliyaita vipotoshi. Swali zuri lina jibu moja tu lisilo na ubishi. Tulipomaliza, mpiga chapa alipiga karatasi laini ya stensili, ikafungwa kwenye mashine ya kudurufu, na mtu akazungusha mpini wake mpaka wino ukamrukia puani. Stensili ikishapigwa, kusahihisha kitu ni balaa, ndiyo maana wakubwa hawakupenda kusikia kuna kosa.

Bosi wetu alikuwa Afisa Taaluma wa wilaya, mtu wa mkoa wa mbali, msafi, mwenye sauti ya redio. Mwaka mmoja alitoa agizo. "Watoto wa hapa hawamjui John wala Mary. Wekeni majina ya hapahapa." Wazo lilikuwa zuri, sitamnyima haki yake. Shida ni kwamba swali moja alilitunga mwenyewe: *Kulwa has lost ___ pen.* Kulwa amepoteza kalamu yake. Mtoto achague *his*, ya mwanamume, au *her*, ya mwanamke, na vipotoshi vingine viwili. Mwongozo wa kusahihishia ulisema *his*.

Nikamwambia, "Bwana Afisa, kwa Wasukuma na Wanyamwezi, Kulwa ni pacha aliyetangulia kuzaliwa, na anayemfuata ni Doto. Anaweza kuwa wa kike, anaweza kuwa wa kiume."

"Mwalimu, Kulwa ni mwanamume," akasema. "Si huyu dereva wetu?"

Kweli dereva wa ofisi aliitwa Kulwa, tena alikuwa na masharubu. Stensili ikapigwa.

Matokeo yaliporudi, shule moja ya kijiji cha Majimoto ilikuwa na darasa zima lililochagua *her*. Hakukosekana hata mmoja. Katika usahihishaji tulikuwa na kanuni: watoto wa chumba kimoja wakikosa kwa namna moja, wameibiana. Kanuni si mbaya ikiwa mwenye kuitumia anafikiri. Afisa Taaluma alifuta matokeo ya darasa lile bila kumuuliza mtu, akaagiza wazazi waelezwe hadharani, iwe fundisho. Wakaelezwa mnadani, siku ya kuuza ng'ombe, kwa kipaza sauti, watu wote wakisikia kwamba darasa la saba lao ni la wezi wa mtihani.

Nilipopata habari nilikwenda ofisini kwake bila kubisha hodi. Nikamwambia lazima darasa lile lina Kulwa wa kike. Akasema, "Kathibitishe," bila kuinua macho. Nikapewa gari, na dereva wake ni Kulwa.

Darasani Majimoto nikawauliza watoto, "Yule Kulwa wa kwenye swali, mlidhani ni nani?"

"Naam, Mwalimu," akaitika dereva kutoka dirishani, akidhani namwita.

Watoto wakacheka. Kisha wote wakageuka kutazama dawati la mbele, lililokuwa tupu.

"Kulwa wetu, yule msichana, anakaa pale," akasema kiranja. "Ndiye wa kwanza darasani. Baba yake amemkataza asije tena."

Baba yake, Mzee Masanja, aliwahi kuhama na ng'ombe kutoka Shinyanga akitafuta malisho. Tulimkuta zizini. Ndugu zake walikuwa wamemsema sana kwa kumpeleka binti shule wakati Doto, pacha wake, anachunga, naye aliwajibu kwamba shule itawaletea heshima. Nikamweleza kwamba watoto hawakuiba, kosa ni letu, na Kulwa arudi kwa sababu mtihani wa taifa umekaribia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, nakuamini," akasema. "Lakini wewe unaninong'oneza hapa kwenye mavi ya ng'ombe. Wao walitutangaza mnadani. Nyie mkaseme palepale, kwa kile kile kipaza. Siku hiyo hiyo binti anarudi."

Kulwa alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, ungo mkononi, anasikia kila neno. Niliona tu ameacha kupepeta.

Nikarudi Mpanda nikiwa na furaha, kwa maana jambo lilikuwa jepesi: mtu aende mnadani aseme sentensi moja. Afisa Taaluma alikubali kurudisha alama za watoto. Hilo alilifanya kwa kalamu, mlango umefungwa. La mnadani alikataa.

"Serikali haiombi radhi mbele ya ng'ombe," akasema.

"Basi niruhusu mimi niende."

"Ukienda, utakuwa umejisemea mwenyewe, na nitasema hivyo kwa kipaza hichohicho."

Nikaenda kwa mkubwa wake, Afisa Elimu wa Wilaya, ambaye alinisikiliza kwa upole na kunirudisha kwa Afisa Taaluma. Nikarudi tena kwa Afisa Elimu. Mwishowe nikapewa uhamisho wa kwenda Sitalike, pembeni ya hifadhi ya wanyama, ambako, walisema, kuna hewa nzuri. Mtihani wa taifa ulifanyika na lile dawati likabaki tupu. Hasira ile sijaimaliza hadi leo. Mtoto alijibu swali sawasawa, akaadhibiwa kwa sababu mtu mzima alimjua Kulwa mmoja tu.

Mwaka uliofuata likaja agizo jipya: majina ya kienyeji yanaleta utata, tumrudie John.

Nimestaafu. Wajukuu huniletea maswali yao ya Kiingereza, na bado nakuta yenye majibu mawili, sasa yanachapwa kwa kompyuta. Nikilalamika wananiambia, "Babu, tulia, ni swali tu." Sitatulia. Mnaotunga mitihani, kabla hamjamwita mtoto mwizi, muulizeni alichofikiri.

Juzi nilikwenda Majimoto kununua mchele. Mama mmoja muuzaji akaniangalia sana, akasema, "Wewe ni Mwalimu wa ile kalamu." Alikuwa Kulwa. Ana watoto, na wa kwanza yuko sekondari. Tukazungumza, nikamwambia yote, pamoja na safari zangu za bure ofisini.

"Kumbe ndiyo maana hawakuja kutangaza," akasema.

"Walikataa."

Akageuza ndoo, akaipiga chini mbele yangu. "Basi panda hapa, Mwalimu. Mnada ni leo. Sasa hivi nani atakuhamisha?"

Nikapanda, magoti yakilia. Nikasema kwa sauti kwamba miaka ile darasa la saba la hapa halikuiba mtihani, kwamba Kulwa binti Masanja alijibu sahihi, na kwamba waliokosea ni sisi wa ofisini. Wenye pikipiki wakageuka. Mtu mmoja akauliza bei ya mchele.

Nyuma ya magunia kulikuwa na mzee sana, amekaa kwenye kigoda, fimbo katikati ya magoti. Akaweka kiganja sikioni.

"Ongeza sauti, Mwalimu," akasema Mzee Masanja. "Wale walitumia kipaza."

Nikarudia.