Deodandi, au Baiskeli Iliyoua

Baba yangu alikuwa karani wa mahakama Mbale, na ugonjwa wake ulikuwa Kiingereza. Majirani zetu pale Nkoma walikunywa pombe. Yeye alikunywa kamusi. Enzi zile za jeshi, wakati hata salamu uliipima kwanza, yeye alikuwa bado anawinda neno lisilojulikana na mtu mwingine Uganda nzima.

Akalipata: deodandi. Zamani huko Uingereza, alitueleza mezani, kitu kikiua mtu, kitu chenyewe ndicho chenye hatia. Gurudumu, ng'ombe, ngazi, chochote. Mfalme anakitwaa, kinauzwa, fedha zinatolewa sadaka. Mama akasema, "Makubwa!" akaendelea kupakua.

Kumbe neno lilikuwa linatusubiri. Lori la jeshi lilimgonga mume wa shangazi aliyeishi Jinja, kwenye barabara ya Buwenge, akipeleka samaki kutoka soko la ziwani Masese. Alikufa papo hapo. Baiskeli yake, nzima kabisa, ikachukuliwa kambini Jinja. Shangazi hakudai fidia. Alitaka baiskeli tu, maana bila baiskeli hakuna samaki, na bila samaki watoto wangelala njaa.

Baba akafunga tai, tukaenda naye, mimi na shangazi. Alisema atamwaibisha ofisa kwa deodandi mpaka airudishe kwa haya. Haya! Kwa mtu yule!

Ofisa alimsikiliza mpaka mwisho, akapiga paja.

"Karani, hii neno ni mzuri sana! Sasa, mutu yako alikuwa amekaa juu ya nini?"

"Baiskeli, afande."

"Basi baiskeli ndiyo alimuua. Iko mali ya serikali."

"Na lori, afande?"

"Lori ni askari. Wewe nataka kushitaki askari?"

Baba akasema hapana, afande, asante sana, afande.

Nyumbani akafungua tena kitabu chake, akasoma kipande alichokiruka. Waingereza waliifuta sheria hiyo treni zilipoanza kuua watu. Mkokoteni ni wa maskini, jamani, lakini treni ni ya wakubwa.

Baadaye baiskeli ikaonekana Masese, inabeba samaki wa biashara ya mke wa ofisa. Shangazi, asiye na Kiingereza hata cha kuombea maji, akasimama katikati ya wanunuzi. "Nunueni tu! Ila mjue baiskeli hii imeua mtu. Si mimi niliyesema, ni afande." Nani ale samaki waliobebwa na muuaji? Wakaoza pale pale.

Baiskeli ikarudishwa, eti imesamehewa.

Siku ya kwanza ya kuuza samaki tena nilimsindikiza shangazi akiisukuma kwenda Buwenge. Tulipofika pale alipofia mumewe, tukasikia lori la jeshi nyuma yetu. Akaiburuta baiskeli mpaka ndani ya miwa, akailaza, akailalia. Lori likapita kwa kasi ile ile. Shangazi akainuka ana magamba ya samaki kifuani, akaanza kulia kwa hasira.

"Lile," akasema, "hata kusamehewa halikuhitaji."