Wezi Watano na Mlango wa Stoo ya Dawa

Mwaka ule watu walipohamishiwa vijijini nilikuwa muuguzi katika zahanati moja ndogo upande wa Kitahana, Kibondo. Tulikuwa watatu: mganga, tuliyemwita Mzee ingawa hakuwa amefika hamsini, muuguzi mwenzangu aliyenizidi miaka sita, ambaye nilimwita dada, na mimi. Watu walikuwa wameletwa kutoka vilimani wakapangwa kando ya barabara, na kila mmoja alikuja na kikohozi chake. Asubuhi tukifungua, foleni ilikuwa imekwisha kufika kwenye migomba. Jioni miguu yangu ilikuwa imevimba, viatu havivaliki.

Waliotuchangamsha ni wezi. Dada alikuwa ametoka likizo Unguja kwa mjomba wake, muuza nguo aliyekuwa na televisheni. Mimi nilikuwa sijaiona hata iliyozimwa. Kila Alhamisi, alisimulia, nyumba nzima iliketi mkekani kutazama mchezo wa wezi watano waliowaibia matajiri wenye hila, na kila juma walikuja na mbinu mpya. Mchezo ulikuwa wa Kiingereza, na alikiri kwamba mengi alifafanuliwa na binamu yake.

Tuliwazungumzia wezi hao tukichemsha sindano na kufua bandeji. Katikati tuliingiza ya kwetu: sukari iliyoadimika dukani, mume wake aliyekuwa Kasulu na barua zake za mistari minne, mihogo yangu iliyofukuliwa na nguruwe pori. Kisha tukarudi kwa wezi. Mimi nilimpenda yule mwanamke wao, ambaye kazi yake ilikuwa kuwachelewesha walinzi kwa maneno. Alikuwa akiifanya ameketi.

Siku moja Mzee alikwenda Kibondo mjini kwa baiskeli kufuata dawa, akasahau ufunguo wa stoo mfukoni mwake. Kwenye saa nne akaja mama mmoja, katika wale waliokimbia Burundi, na mtoto wa miaka kama mitatu mgongoni. Mtoto alikuwa anawaka moto. Aliposhushwa tu, degedege likamshika. Kwinini ilikuwa stoo. Nje tulikuwa na aspirini na dawa ya vidonda.

Tulimlaza ubavu, tukampoza kwa kitambaa cha maji. Degedege likaachia, lakini tulijua litarudi. Nikasema tumwite mwenyekiti wa kijiji aje na shoka. Mtu mmoja wa foleni akatuambia mwenyekiti yuko shamba la kijiji, mwendo wa saa nzima. Dada alikuwa anautazama mlango wa stoo.

"Wale hawakugusa kufuli," akasema.

"Wale nani?"

"Wezi. Juma lile la benki waliutoa mlango upande wa bawaba."

Nikatazama. Fundi alikuwa ameuweka mlango ufunguke kwa nje, na bawaba zote mbili zilikuwa upande wetu. Kwa miaka miwili nilikuwa nimepita hapo bila kuziona. Dada akachukua msumari mrefu, mimi nikaleta mchi. Pini ya chini ilitoka upesi. Ya juu ilikuwa imeshikwa na kutu. Tukaimiminia mafuta ya taa, tukagonga kwa zamu, huku mama amempakata mtoto wake na foleni yote ikitutazama. Mikono iliniuma hadi mabegani. Mlango ulipolegea ulituangukia sote wawili, tukausukumia ukutani. Dada akampima mtoto, akahesabu dozi mara mbili kwa sauti, akamchoma. Alasiri mtoto alikunywa uji.

Mzee alirudi kabla ya jua kuzama, matope magotini. Alitukuta tumekaa chini, mlango umeegemea ukuta. Dada akamweleza yote bila kuficha. Aliuliza tu tulijifunzia wapi, na dada ikambidi aeleze televisheni ni nini. Mzee akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akavua viatu.

"Na hao watu, walikamatwa?"

Dada akasema hajui. Likizo yake iliisha kabla ya mchezo kwisha.

"Watakamatwa," Mzee akasema. "Kufanya kazi kila juma bila kupumzika, lazima mtu akosee."

Usiku huo hakuna aliyeandika chochote. Asubuhi Mzee alirudisha pini mwenyewe, akaandika taarifa, tukaisaini sote. Jibu kutoka wilayani lilichukua miezi miwili: barua ya onyo kwa kila mmoja, na ufunguo wa pili. Yule mama alikuja mara moja kutuletea viazi vitamu, mtoto akitembea kwa miguu yake. Baadaye nilisikia wamehamishiwa makazi mengine, sikujua wapi.

Mwisho wa masika uhamisho wa dada ulitoka, akaenda Kasulu kwa mumewe. Aliyeletwa badala yake alikuwa msichana mpole na mchapakazi, lakini si msemaji. Tulichemsha sindano kimya, mimi nikisikiliza foleni ikikohoa nje.