Fundi Hajulikani

Ensaiklopidia ya sanaa ya dunia niliyo nayo ina juzuu tisa, na zote tisa ziko nyumbani kwangu Rasbura, ndani ya kabati la mninga lenye milango ya vioo. Sijui mtu mwingine katika mkoa wa Lindi mwenye seti kamili. Sikupewa msaada wala sikuokota. Nilifanya kazi miaka kumi na sita ughaibuni, katika kampuni iliyozichapa. Nilianza kwa kubeba maboksi ghalani, nikasoma jioni baada ya kazi hadi nikapata stashahada ya ukutubi, nikapanda ghorofa mpaka idara ya picha. Kabla yangu hakuwahi kukaa kiti kile mtu aliyezaliwa Kilwa, na sidhani kama amekaa mwingine baada yangu. Niliporudi nilijenga nyumba ya vyumba vitano. Stashahada iko kwenye fremu sebuleni, juu ya kabati. Wanaosema najisikia, waje na zao tuziweke pamoja.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba ninapovilalamikia vitabu hivi, silalamiki kama mtu aliyevisikia kwa jirani.

Kila juzuu ina nchi yake au zama zake. Kuna juzuu nzima, nzito kama jiwe la kusagia, ya nchi moja ndogo ya Ulaya kwa muda wa miaka mia tu. Humo wamechora vikapu vya matunda na samaki waliolazwa sahanini. Samaki! Wavuvi wa Sudi, huku pwani kwetu, wanashusha samaki wa kupendeza zaidi kila asubuhi, na hakuna aliyewapa hata ukurasa. Afrika yote, tangu mtu wa kwanza alipochora ukutani hadi juzi, imebanwa katika juzuu moja, nayo ndiyo nyembamba kuliko zote.

Hiyo ya Afrika ilitoka mwisho, nimesharudi nyumbani. Waliniletea kwa posta mwaka jana. Nilifungua faharasa nikatafuta pwani yetu. Nikaelekezwa nitazame juzuu ya nchi za Kiislamu. Nikaitoa ile kabatini, nikatafuta, nikaambiwa nitazame juzuu ya Afrika. Nilizungushwa hivyo kama mtu anayefuata mhuri maofisini. Mwishowe, baada ya kufunua karatasi moja moja, nikakuta kurasa mbili na picha moja.

Picha yenyewe ilijaza ukurasa mzima wa kulia. Ilikuwa ya kidaka, yaani kile kishubaka cha ukutani cha kuwekea taa au vitabu, katika msikiti mmoja wa magofu ya kisiwani kwetu Kilwa. Pembezoni mwake kuna nakshi ya maua iliyochongwa kwenye lipu ya chokaa. Chini waliandika kwamba ni kazi ya zama za kati, fundi hajulikani, na ufundi wake umeshatoweka.

Nilisimama sebuleni kwangu peke yangu nikasema kwa sauti, "Waongo wakubwa!"

Kidaka kile nakijua kama ninavyoujua mlango wa nyumba niliyozaliwa. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi chokaa. Magofu yalipokarabatiwa, mimi nikiwa sijaanza shule, yeye ndiye aliyepewa kidaka kile, ambacho nakshi yake yote ilikuwa imeanguka. Kila mgeni aliyefika kwetu alivushwa kwa mashua kwenda kuonyeshwa. Kwa ajili ya kidaka kile baba aliitwa Fundi mpaka anazikwa. Nami nilipokuwa ghalani nabeba maboksi, mzungu aliponiuliza kwetu sisi ni akina nani, nilijibu kwamba baba yangu ametengeneza nakshi ambayo yeye hawezi hata kuisimulia. Leo kampuni ileile inaniambia fundi hajulikani.

Bahati ni kwamba walikuwa wanaandaa toleo jipya, na sisi tuliotumikia idara ya picha tulitumiwa fomu ya masahihisho, ya kurejeshwa kabla ya mwisho wa mwezi. Ningeweza kuijaza palepale. Lakini nilitaka mama aione picha kwanza, na nilitaka jina la baba lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, liandikwe bila kosa.

Mama anakaa Kilwa Masoko, katika nyumba aliyoijenga baba kwa mawe na chokaa. Nimemwomba mara nyingi ahamie kwangu. Alilala Rasbura siku mbili tu, siku ya tatu akafunga kanga zake. Alisema saruji inatoa joto kama mgonjwa, na kwamba ukuta usiopumua haumwachi mtu apumue. Nyumba ya vyumba vitano, yenye vigae! Nilimsindikiza stendi kwa sababu ni mama.

Nilimkuta barazani anabangua korosho pamoja na jirani yake, mwanamke waliyebeba naye chokaa enzi za ukarabati ule.

"Shikamooni."

"Marahaba, baba," mama akaitika. "Umebeba nini hicho, tofali?"

"Kitabu, mama. Baba yumo."

"Marehemu kaingia kitabuni!" jirani akacheka. "Na sisi wabeba karai tumo ukurasa wa ngapi?"

Nikakiweka mkekani nikakifunua. Mama alijifuta mikono kwenye kanga, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. Nikawafasiria maneno ya chini, pamoja na lile la ufundi kutoweka.

"Umetoweka kwenda wapi, na mimi nimekaa hapa?" jirani akauliza. "Nipe matumbawe na kuni uone kama sikupikii chokaa leo hii."

Nikawaeleza juu ya fomu. Nakiri nilizungumza kwa kirefu. Niliwaambia kwamba hawa watu wananifahamu, neno langu lina uzito kwao, na kwamba jina la baba litakwenda kukaa katika maktaba za dunia nzima.

Jirani aliacha kubangua. "Jina la nani?"

"La baba."

Akamgeukia mama. "Mwenzangu, mpaka lini?"

"Bangua korosho zako."

"Nabangua. Lakini huyu ana cheti. Atakwenda kuandika uongo Ulaya, na watauamini."

Nikauliza uongo gani. Mama aliendelea kuitazama picha, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya unga, "Hii siyo kazi ya baba yako. Hii ni yangu."

Nilidhani uzee. Lakini jirani alikuwa anatikisa kichwa kukubali, na mama akasimulia mpaka mwisho bila kukosea hatua. Baba alishikwa na homa kali huku imebaki wiki moja tu wakubwa waje kukagua. Chokaa ilikuwa imeshalowekwa na kuiva. Kazi ikiachwa, ingepewa fundi mwingine. Wakati ule wanawake walibeba karai na kuponda chokaa, lakini mwiko wa kupakia lipu ulishikwa na wanaume peke yao, na mwanamke aliyeugusa alitukanwa mbele za watu. Mama alikuwa ameponda chokaa ya baba miaka kumi na moja. Alivuka alfajiri siku tano mfululizo, kabla vibarua hawajafika, jirani akisimama mlangoni kuangalia njia. Nakshi aliichonga kwa kijiko cha chai, akailainisha kwa kipande cha chupa. Kukikucha anafunika kwa gunia bichi, anashika karai lake kama wenzake.

"Wakubwa walipokuja, baba yako alikuwa amepata nafuu, amejifunga shuka. Wakamsifu. Akasema alhamdulillahi."

"Basi?"

"Basi. Hakusema uongo."

"Wala kweli hakuisema," jirani akadakia.

Nimefanya kazi na watu wenye dharau, nimeitwa majina ghalani ambayo siwezi kuyaandika, lakini sijui kama nimewahi kukasirika kama nilivyokasirika pale barazani. Kitabu kimemnyang'anya fundi kazi yake, na kumbe nyumbani kwetu alishanyang'anywa miaka mingi kabla ya kitabu. Tena mimi mwenyewe, kwa kinywa changu hiki, nimeieneza sifa ya mtu mwingine mpaka nchi za baridi. Nikatoa simu yenye ile fomu palepale.

"Mama, nitaandika jina lako."

"Hutaliandika."

"Kwa nini?"

"Ukiliandika langu, baba yako atakuwa mwongo kaburini. Watu wa hapa watakaa misibani kumjadili. Nimeishi naye miaka arobaini na mbili, sikumpika mume nije nimwage mwishoni."

"Lakini ni haki yako!"

"Usinipigie kelele. Hiyo haki nilishaichukua."

Akakivuta kitabu. Alipitisha kidole juu ya maua, akashuka nacho mpaka pembe ya chini kushoto, mahali picha inapokaribia kuishia. "Tazama hapa, wewe mwenye miwani."

Chini ya ua la mwisho kulikuwa na kibonyeo kidogo. Nilikuwa nimekiona Rasbura nikadhani ni jeraha la wakati. Mama akakunja ngumi, akatoa kidole gumba cha mkono wa kulia. Kidole hicho kilikatwa na panga shambani akiwa msichana, kikapona kimepasuka katikati kama kokwa. Akakiweka juu ya picha. Kibonyeo kile kilikuwa na mpasuko uleule. Kamera yao ni nzuri, hilo nawakubalia. Walichapa hata mkunjo wa ngozi ya mama yangu, kisha wakaandika hajulikani.

"Siku ile waliyomsifu," alisema, "jioni nilirudi kulowesha gunia. Chokaa ilikuwa bado mbichi. Nilikuwa na hasira, nikabonyeza."

"Baba alijua?"

"Alikipitia kidaka kila siku mpaka kikakauka. Fundi yule alikuwa anaona ufa wa unywele kwenye dari. Shimo la dole langu asilione? Aliliona. Hakuliziba." Akachukua korosho nyingine. "Kwangu hilo lilitosha."

Kwangu halikutosha, na mpaka leo halijanitosha. Nilimwambia hivyo. Tulibishana mpaka adhana ya alasiri, jirani akiwa upande wangu kwa maneno na upande wa mama kwa macho. Nilipoona jina halitoki, nikamuuliza kama basi anataka waendelee kuamini kwamba fundi hajulikani.

Hapo aliweka korosho chini. "Hapana," akasema. "Huo nao ni uongo. Mimi sijulikani? Soko zima linanijua."

Basi tukaijaza fomu kwenye simu yangu, mimi nikiandika, yeye akisikiliza fasiri ya kila mstari kama kadhi. Mahali pa zama nilifuta zama za kati nikaandika kazi ya ukarabati, ya wakati wetu. Lile la ufundi kutoweka nikalikata, jirani akisema niwaambie waje na kuni zao. Mahali pa fundi nikaandika: anajulikana. Wakauliza kwenye kisanduku kinachofuata, jina. Nikaandika kwamba mwenye kazi amekataa kulitoa. Ndiyo maana hata humu sikumtaja kwa jina yeye wala baba, na anayedhani nimesahau adabu za mwandishi ajue kwamba nimezuiwa na mtu ambaye stashahada yangu haifiki magotini pake.

Nilikuwa nimeshasogeza kidole kwenye kitufe cha kutuma, mama akanishika mkono.

"Bado kuna nafasi ya kuandika?"

"Ipo. Maoni mengine."

Alikigeuza kitabu kuelekea mwangaza, akakunja uso, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona kwamba hasira yangu nimeirithi mahali fulani.

"Waambie wameikata picha vibaya. Dole langu limebaki ukingoni, mshona kitabu akikosea kidogo tu limekwenda. Warudi wapige upya. Na safari hii washushe kamera."

Nikaandika hilo pia, kwa herufi kubwa.