Daktari Alisema Tungoje

Nimehamahama sana: Bunia, Kasese, Goma, Oicha, nikifundisha hapa, nikiuza vitenge pale. Kila mji naupenda miezi ya kwanza. Kisha siku moja mtu anasema tu, "tungoje kidogo", maneno ya kila siku yasiyo na kosa lolote, nami naanza kukunja nguo zangu.

Wakati wa vita nilikuwa nimemaliza sekondari, nafundisha shule ya msingi Butembo. Jirani yangu alikuwa mama mwenye binti mmoja wa miaka minne. Mume wake alikuwa amekwenda upande wa Ituri kutafuta mbao, na tangu barabara ifungwe hatukupata habari zake. Mtoto akaanza homa isiyoisha. Miguuni zilitokea alama nyeusi kama za kupigwa, na asubuhi mto wake wa kulalia ulikuwa na damu ya fizi. Tulitibu malaria mara tatu. Mwishoni muuguzi akatuambia twende Beni, kuna daktari anayejua kusoma damu kwenye mikroskopi.

Daktari huyo alitoka magharibi ya nchi, vita vikamkwamisha kwetu. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Ndiyo sababu mama aliniomba niende nao.

Njiani, kwenye kila kizuizi, mtoto aliwapa askari habari yake. Nyanya yake, koko wa Vuhovi, alikuwa amempa kuku, na kuku huyo alikuwa amelalia mayai.

"Kuku yangu iko nalalia mayayi."

"Utatuletea moya, mama mudogo?" askari mmoja aliuliza.

"Hapana! Weye tafuta yako!"

Wenzake walimcheka mpaka akasahau kutupekua.

Beni, daktari alisoma damu siku mbili. Kisha akatukalisha, mtoto akiwa mapajani mwangu. Alianza kama mwalimu: ndani ya damu kuna chembe nyeupe, ndizo askari wa mwili. Nikatafsiri.

"Basoda?" mama akashtuka. "Hata mu damu ya mutoto?"

Daktari akaendelea. Askari hao wamekuwa wengi mno, hawajakomaa, hawajui kazi, wanajaza nafasi ya damu nyekundu. Nikatafsiri hayo pia.

"Njo vile," mama akasema. "Hata bale ba ku barabara habajue kazi. Banakula tu."

Daktari aliuliza amesema nini, nikamwambia, akatabasamu. Halafu akashusha sauti. Alisema kwa Kifaransa kwamba hii ni kansa ya damu. Dawa yake hapa haipo. Ng'ambo ya mpaka pengine ipo, lakini kwa hali ya mtoto hawezi kuahidi hata kwamba atafika. Angeweza kumwongezea damu, apate siku chache, basi. Barabara ya Butembo iko wazi wiki hii. Mtoto angekuwa wake yeye, angemrudisha kwa watu wake.

"Anasema nini, mademoiselle?" Walimu wa kike kwetu tunaitwa hivyo.

Mtoto alikuwa ameinua uso, anatazama mdomo wangu. Kifaransa kilikuwa kimepita juu ya kichwa chake. Kiswahili alikijua.

"Anasema tungoje kidogo," nikasema. "Bataongeza damu."

Nilijiambia nitamweleza mama tukiwa wawili. Jioni ile nikaanza, akanishika mkono akasema, "Mungu asifiwe, iko na dawa." Nikamwachia hivyo, nikaenda kumtandikia mtoto. Daktari alidhani mama mwenyewe amechagua kubaki.

Wanawake wa kanisa moja la mtaa wa Ruwenzori, palepale Beni, walisikia kwamba mtoto amepungukiwa damu. Wakaja na kila kitu chekundu: maji ya mchicha mwekundu tunaouita lengalenga, nyanya, mizizi ya betirave. Ulimi wa mtoto uligeuka rangi, akawa anautoa kuwachekesha. Damu yangu ilifanana na yake, nikatoa. Siku mbili mashavu yake yalirudiwa na rangi, nami nikaanza kuamini uongo wangu.

"Twende kwa koko," alikuwa akisema. "Mayayi itapasuka na mi siko."

"Tungoje kidogo," mama alimjibu.

Siku ya nane mapigano yakafunga barabara. Ijumaa mtoto aliniuliza kama vifaranga vimetoka. Nikasema vimetoka. Akauliza ni vya rangi gani. Alingoja jibu mpaka akalala. Jumapili asubuhi alikufa, wanawake wakiimba uani.

Tulimzika Beni. Barabara ilipofunguka koko alikuja, sehemu kubwa kwa miguu, na kuku ndani ya kikapu. Alimwonyesha kuku kaburi.

"Daktari alisemaka nini?" koko akamuuliza mama.

"Alisema tungoje."

Koko alinigeukia. Nikaitika kwa kichwa.

Tangu hapo, kila mji ninaohamia, kuna saa naona uso ule umeinuliwa kutazama mdomo wangu. Mwaka jana nikaenda Vuhovi. Koko alishafariki, mama ndiye anakaa kwake sasa, kuku wamejaa uwanja. Aliniita mbele ya majirani: "Huyu njo mademoiselle mwenye alitusemeaka vizuri kwa daktari." Akawasimulia yote, mpaka pale daktari aliposema tungoje. Wakati wa kuondoka akanipa jogoo mweupe, miguu imefungwa.

"Ni ya uzao wa ile ya mutoto. Beba."

Nilitembea na jogoo mpaka kwenye njia kubwa. Pikipiki ilikuwa inaningoja. Nikarudi.

"Mama, ukae kidogo. Daktari hakusema vile."

Nilimwambia yote, polepole, kwa Kiswahili. Barabara iliyokuwa wazi, na mtoto kurudishwa kwa watu wake. Aliinama, akafungua kamba ya miguu ya jogoo, akamwachilia kwa wenzake. Kisha akaingia ndani, na mlango akauacha wazi.