Tundu la Nyanjige

Tangu soko huria liingie kijiji cha Kasoli, pamba ilinunuliwa na kila mwenye mizani, na wachawi walitajwa na kila mwenye kibuyu. Nyanjige, mjane aliyelima pamba tangu meno yake yote yakiwa mdomoni, hakuwaogopa wenye mizani. Hao waliiba kilo tu.

Aliogopa macho yake mwenyewe. Mekundu kama nyanya! Miti ilikuwa imefyekwa kupisha pamba, kwa hiyo miaka nenda miaka rudi alipikia samadi kavu, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Moshi ulizunguka ukitafuta pa kutokea, ukaishia machoni mwake. Bibi wa kijiji cha pili, mwenye macho kama hayo, aliitwa mchawi, akakatwa mapanga akipepeta mtama. Basi dume la ng'ombe la jirani yake Masalu lilipokufa ghafla, Nyanjige akaanza kufunga mlango kabla jua halijazama.

"Mayu, mama yangu, wanakutaja," Flora, mke wa mwanawe, alimnong'oneza. "Vaa hata miwani ya mtumba."

"Miwani jikoni? Si ndiyo watasema naficha!"

Akachukua jembe, akatoboa ukuta juu ya mafiga. Moshi ukatoka. Nyanjige akauona ukuta wa pili wa jiko lake, akashangaa kukuta una nyufa. Baada ya siku chache wekundu ukaanza kufifia.

Jioni moja Masalu akaja na wanaume wawili, mapanga mikononi, akamsalimia.

"Mwadila, mayu. Hilo tundu la nini?"

"La moshi, baba."

"Moshi! Mganga anasema ndiyo njia ya fisi wako unayempanda usiku."

Fisi gani angepita kwenye tundu la ukubwa wa sufuria? Lakini Nyanjige akanyakua gunia, akalisokomeza ukutani. "Nimeziba, wanangu. Nimeziba kabisa."

Wakaingia kumsaka fisi. Samadi ilikuwa na unyevu, ugali motoni. Wakapekua nyuma ya mitungi, wakachungulia chini ya kinu. Fisi hakuonekana, punde hata wao hawakuonana. Walipotoka wakikohoa na kutiririka machozi, walitazamana, na kila mmoja akarudi nyuma kumkwepa mwenzake. Macho yao!

Masalu akatimua mbio kwake, wenzake wakatawanyika. Nyanjige alikuwa bado amejibanza ukutani aliposikia mlango wa jirani ukigongwa, kisha sauti ya Maximiliana, mke wa Masalu: "Toka! Mume wangu ana macho meupe!"

Masalu akarudi polepole, bila panga.

"Mayu… yanaisha lini haya?"

"Ukikaa mbali na moshi, baba."

Masalu akalitazama gunia, akajifuta machozi kwa mkono wa shati. "Lichomoe. Na ulipanue hilo tundu. Kesho nitakuja na jembe."

Nyanjige akalichomoa. Jiko likapumua. Lakini usiku ule alilala na kandambili miguuni, tayari kwa mbio.