Sungura Aliyepitishwa kwa Muhali

Kwa miaka kumi na moja fundi cherehani mmoja alishika sharti moja: sungura mgeni haingii bandani kabla ya kuchanwa juu ya kitambaa cheusi na kukaa peke yake stoo siku kumi na nne. Alilivunja mara moja tu, kwa ajili ya wifi yake.

Hakuwa na mpango wa kufuga sungura. Alianza na mmoja aliyemkuta ndani ya boksi la viatu, mgongo mtupu kama kuku aliyenyonyolewa. Habari zikasambaa. Watu huwanunulia watoto sungura kama wanavyonunua mwanasesere, kisha manyoya yakipukutika wanagutuka kwamba kumbe kile ni kiumbe. Wakamletea. Wengine hawakubisha hata hodi. Walitua kapu mlangoni na kutoweka, kama wezi wanaorudisha mali.

Kitambaa chenyewe kilikuwa kipande kilichobaki kwenye suti ya mteja. Alimchana mgeni juu yake kwa kitana cha meno membamba, akakisogeza dirishani, akavaa miwani na kusubiri. Mba wa kawaida hutulia. Mba unaotembea si mba. Ni utitiri, wadudu wanaokula ngozi na kuhamia kwa jirani. Wateja walizoea kumkuta ameinama hivyo.

"Fundi, umepoteza sindano?"

"Natafuta kinachotembea. Kaa hapo, nakuja kukupima."

Kipenzi chake alikuwa Hakimu, dume mzee aliyehasiwa, mwenye jicho moja, aliyekaa pembeni kana kwamba anasubiri mashahidi. Alifika hana unyoya kuanzia shingoni hadi mkiani. Ilichukua miezi minane ya dawa kumrudishia vazi lake. Daktari wa mifugo alionya, "Huyu amepona, Fundi, lakini akiumwa tena hana akiba mwilini."

Jumamosi moja asubuhi wifi akaingia na sungura wa kijivu, kifua wazi. Yeye na Fundi walikuwa wamenuniana miaka miwili kwa sababu ya gauni lililobana, na hawakuwa na hata mwezi tangu wapatane.

"Wifi, usinitazame hivyo. Haumwi huyu. Ana mimba, anajinyonyoa kifua atandike kiota. Si wewe mjuzi?"

Ni kweli, sungura jike akikaribia kuzaa hufanya hivyo.

"Basi nimchane kidogo, halafu akae stoo wiki mbili..."

"Stoo! Mjamzito! Yaani cha kwangu kikija lazima kikaguliwe kama mzigo wa magendo?"

Mume wa Fundi alikohoa nyuma ya gazeti. "Mke wangu, yaishe. Ndiyo kwanza mmepatana."

"Mimi sisemi kitu," wifi akasema, na akaendelea kusema. "Kama sungura wetu ananuka, nirudi naye."

Fundi alikitazama kitambaa cheusi msumarini. Kukishusha mbele ya wifi kulikuwa sawa na kumwambia, muongo wewe. Akaona muhali kumkatalia, akakiacha. Akamweka yule mjamzito banda la Hakimu, kwa kuwa Hakimu hagombani na mtu.

Siku ya tisa aliona unga mweupe shingoni mwa Hakimu. Akamchana, akasogea dirishani. Unga ukatembea.

Daktari alipofika alimshika yule wa kijivu, akamgeuza tumbo juu.

"Nani kakwambia huyu ana mimba?"

"Mwenyewe."

"Mwambie mwenyewe ajiandae kwa muujiza. Hili ni dume."

Fundi alikaa juu ya ndoo.

"Miaka kumi na moja, Fundi, na hukumgeuza?"

"Wifi alikuwa amesimama hapo hapo."

Akapiga simu papo hapo. "Wifi, kwenu kulikuwa na sungura wangapi?"

"Wawili. Mwenzake alikufa. Alianza kupukutika vivyo hivyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungempokea?"

"Ningempokea. Ningemweka stoo!"

Mficha maradhi, kilio humfichua. Safari hii kilio kilifanyika nyumba nyingine. Dawa iliua wadudu, lakini ngozi ya Hakimu ilikuwa imechanika kwa kujikuna, na kwa maumivu akaacha kula. Sungura asipokula, tumbo huacha kusaga chakula. Fundi alisaga majani, akamlisha kwa bomba la sindano kila baada ya saa mbili, suruali za wateja zikimsubiri mezani. Mume, aliyetaka yaishe, ndiye aliyemshika kichwa. Siku ya nne majani yalitoka upande wa mdomo kama yalivyoingia, na adhuhuri Hakimu alikuwa amekufa.

Wifi alikuja kutoa pole. "Nisamehe. Lakini tuseme ukweli, wifi, alikuwa mzee."

"Alikuwa mzee. Hakuwa mgonjwa."

Wifi alichukua mkoba wake.

Dume la kijivu lilipona kabisa na sasa lina manyoya ya kupendeza. Mwezi uliopita mama mkwe alileta sungura ndani ya kapu. Fundi alimwamkia, akampa kiti, kisha akakishusha kitambaa msumarini mbele yake. Mama mkwe alinuna hadi alipoondoka.

Muhali wa dakika tano ulimuua Hakimu, na sungura wengine wawili walioambukizwa walitibiwa miezi mitatu. Upatanisho nao haukupona: wifi hajatia mguu tena nyumba ile.